Una siku moja na nusu Nairobi: makumbusho yapi uingie, yapi uyaache

Wengi wanaoshuka Nairobi kutoka Arusha, Mwanza, Kampala au hata Kisumu hawakuja kutalii. Wamefuata viza, mkutano, mzigo wa Eastleigh, harusi ya binamu, au wamemsindikiza mgonjwa. Shughuli zikiisha hubaki mwanya: mchana mmoja, asubuhi ya Jumamosi, pengine siku nzima kabla ya basi la kurudi. Ukiuliza uende wapi, kila mtu anakutajia pahali kumi. Hizo kumi ni za mtu mwenye wiki na gari. Wewe una siku moja na nusu na miguu miwili.

Mimi naanza na foleni, halafu ndiyo nafikiria sanaa na mifupa. Nairobi ukiitazama kwenye ramani unaona kila kitu kiko karibu, lakini kilomita kumi za saa nne asubuhi si kilomita kumi za saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza "lipi zuri?", jiulize "lipi liko upande nilioko?" Makumbusho ninayoyalinganisha hapa yako katika makundi matatu. Manne yako katikati ya mji na unayatembelea kwa miguu: Jumba la Nyaraka za Kitaifa, Nairobi Gallery, Makumbusho ya Reli na Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7. Moja, Makumbusho ya Taifa yenyewe, liko Museum Hill, kipande kifupi cha matatu za Westlands. Na moja, nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Kidenmaki, liko mbali kusini-magharibi, chini ya vilima vya Ngong. Hilo ni safari, tena ya kupangiwa.

Mawili kwa siku yanatosha. La tatu utaliona kwa macho tu, akili itakuwa imeshakaa chini.

Ya Taifa au ya Reli?

Kama hujawahi kufika kabisa, swali ni hili kwanza, kwa sababu haya mawili ndiyo yanayojaza nusu siku yakiwa peke yake, na ndiyo watu wanayopeleka watoto.

Makumbusho ya Taifa ndiyo makubwa kuliko yote nchini na yana umri. Mizizi yake ni ya mwaka 1910, wakati walowezi na maofisa waliopenda wadudu, ndege na mimea walipoanza kukusanya vielelezo. Jengo la pale kilimani lilifunguliwa 1930 likaitwa Coryndon, jina la gavana. Baada ya uhuru likapewa jina la taifa. Lilifungwa mwaka 2005 kwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2008, ndiyo maana ndani kuna nafasi na mwanga, tofauti na makumbusho mengi ya zamani ya ukanda wetu ambayo ukiingia unahisi umeingia stoo.

Ukiwa na saa mbili tu humo ndani, nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa asili ya binadamu. Hapo ndipo Nairobi ina kitu ambacho miji mikubwa ya Ulaya inakionea wivu. Mvulana wa Turkana aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, akafa akiwa bado mtoto anayekua, na mifupa yake ilipatikana ikiwa karibu kamili, jambo adimu mno kwa masalia ya umri huo. Watu husimama mbele yake wakitafuta nyani, wakakuta kifua, nyonga na miguu mirefu ya mtu anayeonekana angeweza kucheza mpira wa vumbi na wanao. Aliyeliona kwanza pande la fuvu lake huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984, ni Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kazi ya kuchimbua na familia ya Leakey, watafiti wa masalia ya binadamu wa kale, mwaka 1960 bila shahada yoyote. Ni Kamoya huyohuyo aliyepata taya la Peninj, kando ya Ziwa Natron upande wa Tanzania, mwaka 1964. Sanamu ya Louis Leakey utaikuta nje, amekaa. Kwa maoni yangu palikuwa na nafasi ya kutosha kwa sanamu ya pili.

Mtanzania atauliza: Zinjanthropus, lile fuvu la Olduvai, je? Yule ni wetu, yuko Dar es Salaam, Mtaa wa Shaaban Robert. Ukimwona Zinj kule Dar na Mvulana wa Turkana hapa, picha inakamilika zaidi kuliko kumwona mmoja. Lakini huyu wa Nairobi ndiye anayekupa mwili mzima, na watoto hushikwa na mwili mzima kuliko fuvu.

Kutoka hapo tembea hadi uani umwone Ahmed. Ni sanamu ya ndovu wa Marsabit, kwa kimo chake halisi, yule ambaye Rais Jomo Kenyatta alimtolea amri mwaka 1970 asiguswe na mwindaji yeyote, akawekewa walinzi wa kumfuata porini mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1974. Simama ubavuni, usisimame mbele: kutoka ubavuni ndipo unaona jinsi pembe zinavyoshuka mpaka karibu na ardhi kisha kujikunja kwenda juu, na unaelewa kwa nini mnyama mmoja alihitaji amri ya rais.

Vingine ni kwa kadiri ya hamu yako. Michoro ya Joy Adamson, yule wa simba Elsa, inaonyesha watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya katikati ya karne iliyopita. Mtu mwenye bibi Mtaita au Mgiriama anaweza kukaa hapo nusu saa akitazama shanga tu. Ukumbi wa ndege una mamia ya ndege waliokaushwa, mistari kwa mistari. Anayependa ndege atauona hautoshi, asiyependa ataona ndege ni wale wale. Ukumbi wa historia ya Kenya unakwenda kutoka kale hadi ukoloni, Mau Mau na uhuru, na una maandishi mengi. Ukiufikia mwisho, umechoka, unasoma vichwa vya habari. Ndiyo maana nasema anza na unachokitaka, usifuate mishale. Banda la nyoka liko jirani, limekuwepo tangu 1961, lina chatu, swila, kifutu na mamba, na lina tiketi yake. Kwa mtoto wa darasa la tatu, banda hili ndilo makumbusho yenyewe, na hayo mengine ni njia ya kufikia hapo.

Sasa ya Reli. Yako nyuma ya stesheni kuu, upande wa Barabara ya Haile Selassie, na yalifunguliwa 1971, enzi ambayo shirika la reli lilikuwa bado la Afrika Mashariki nzima. Hilo ni muhimu kwa mgeni kutoka Tanzania au Uganda, maana mali iliyomo ni urithi wa nyumba iliyogawanyika. Jumuiya ilivunjika 1977, kila mmoja akachukua chake, lakini kumbukumbu nyingi zikabaki Nairobi kwa sababu makao makuu yalikuwa hapa. Mji wenyewe ulizaliwa na reli hiyo: njia ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa palipokuwa tope na majani mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901.

Uani wamesimama vichwa vya garimoshi. Usiondoke bila kumkaribia yule mkubwa kuliko wote, namba 5918, aina ya Garratt, mwenye bango lenye jina Mount Gelai. Mashine hizi zilitengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, thelathini na nne tu, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 250, na zilikuwa miongoni mwa garimoshi zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli za upana wa mita moja. Kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Simama kando ya gurudumu moja la kuendeshea: linakufika kifuani. Kisha tembea kutoka pua hadi mkia uone jinsi lilivyoungwa vipande vitatu, tangi la maji mbele, bwela la kuchemshia maji katikati, mafuta nyuma, ili liweze kukunja kona za milimani bila kutoka relini. Kila Garratt wa kundi hili alipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na Gelai ni mlima ulio pembeni mwa Ziwa Natron, ng'ambo tu ya mahali Kamoya alipopata lile taya.

Kisha tafuta behewa namba 12. Juni 1900 lilikuwa limeegeshwa Kima, Ukambani, na ndani yake alilala ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, akimvizia simba aliyekuwa anakula watu wa stesheni. Ryall ndiye aliyekuwa zamu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia kwa mlango, akatoka naye dirishani. Dirisha lenyewe ni dogo. Ukiliona unajiuliza walipitaje. Wengi huchanganya kisa hiki na kile cha Tsavo cha 1898. Wale simba wa Tsavo wako Chicago, katika Field Museum, na hakuna unachoweza kukiona chao hapa.

Ndani ya jengo kuna chumba cha picha za ujenzi wa njia, vyombo vya behewa la chakula na mitambo ya mawasiliano ya zamani. Dakika ishirini zinatosha.

Nikiyapima pamoja: Makumbusho ya Taifa yanashinda kwa utajiri, yanashinda mvua ikinyesha, yanashinda kwa mtu mzima anayekuja mara ya kwanza. Ya Reli yanashinda kwa watoto wasiojua kunyamaza, kwa sababu wako nje, wanapanda, wanashika chuma. Yanashinda pia kwa baba au babu aliyewahi kupanda treni ya kwenda Mombasa au Kampala, atakayegeuka kuwa mwongoza watalii wenu bila malipo. Udhaifu wa Reli ni jua la saa saba na mvua ya Aprili, vyote vinakupata pale pale uani. Udhaifu wa Taifa ni mabasi ya shule: asubuhi za katikati ya wiki wanafunzi huja kwa mamia, na mbele ya Mvulana wa Turkana utaona visogo tu. Nenda baada ya chakula cha mchana.

Murumbi mara mbili

Aliyekwisha kuona Makumbusho ya Taifa miaka ya nyuma, au anayependa sanaa kuliko mifupa, namshauri asirudi kule. Abaki mjini aone nyumba mbili zenye mkusanyo wa mtu mmoja.

Joseph Murumbi alizaliwa 1911, baba mfanyabiashara Mgoa, mama Mmasai. Alisoma India, akarudi, akaingia harakati za uhuru, akaishi London miaka ya hali ya hatari, wakati wa Mau Mau, na baada ya uhuru akawa waziri wa mambo ya nje, kisha makamu wa rais, wa pili tangu uhuru, mwaka 1966. Hakumaliza mwaka katika kiti hicho, alijiuzulu. Kilichomshughulisha tangu hapo ni kukusanya: vinyago, vitambaa, vito, silaha, vitabu vya kale, stempu za barua za bara zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa uliowapa wasanii wengi wa Kiafrika mahali pa kuuzia kwa heshima. Sehemu ya mkusanyo wake ilichukuliwa na serikali na leo iko Nyaraka. Sehemu nyingine iko Nairobi Gallery. Kati ya majumba hayo ni kiasi cha robo saa kwa miguu, ukifuata Barabara ya Kenyatta.

Jumba la Nyaraka liko Moi Avenue, na wenyeji wanaliita Archives, hawana muda wa jina refu. Mtu akikwambia "tukutane Archives" hana habari na historia, anamaanisha pale ukutani panaposubiriana nusu ya Nairobi: wapenzi, madalali, wanaosubiri matatu. Zamani lilikuwa benki, na bado lina ule uso wa benki, nguzo na kimya cha kutisha wadeni. Kabla hujaingia, geuka uangalie upande wa pili wa barabara, kwenye sanamu ya Tom Mboya. Alipigwa risasi Julai 5, 1969, hatua chache tu kutoka hapo, akitoka duka la dawa, barabara ikiwa bado inaitwa Government Road.

Ndani, ghorofa ya chini, ndiko kulikojaa. Vinyago vya Afrika Magharibi vimekaa karibu na viti vya kulalia kichwa vya wafugaji wa kaskazini. Ngao, mikuki, ala za muziki, nguo za kusuka, vyote vimebanana kama ambavyo vingebanana nyumbani kwa mtu anayependa vitu kupita kiasi. Maelezo ni machache. Hilo litamkera anayetaka kusoma, na litamfurahisha anayetaka kutazama. Kiingilio ni kidogo. Ghorofani kuna picha za historia ya nchi, na kuna chumba cha watafiti wanaofukua mafaili ya wakoloni, lakini huko kunahitaji usajili na subira ya siku nyingi. Usijidanganye kwamba utapata faili la kijiji cha babu yako kati ya saa nane na saa tisa.

Nairobi Gallery ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Ni nyumba ya mawe ya mwaka 1913 penye kona ya Barabara ya Kenyatta na Uhuru Highway, iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Wazee wa mji wanaikumbuka kwa vyeti: hapo ndipo vizazi, ndoa na vifo vya wakazi vilipoandikishwa. Na hapo ndipo palipohesabiwa kuwa kilomita sifuri, barabara za nchi zikipimwa kuanzia kwenye nyumba hiyo. Vyumba ni vidogo, vimepangwa kwa mkono wa mtu anayejua kuacha nafasi tupu. Vito vina taa yake, vitambaa vina ukuta wake, na Murumbi mwenyewe yumo, kwa picha na vitu vyake. Unatoka ukimjua.

Nyuma ya nyumba hiyo ndogo linasimama jengo la Nyayo, refu, rangi ya mchanga. Wageni wengi wanalijua kwa foleni za uhamiaji. Wakenya wa rika fulani wanalijua kwa vyumba vya chini ya ardhi walikoteswa wapinzani wa serikali katika miaka ya 1980. Ukitoka kwenye vito vya Murumbi, aliyeacha umakamu wa rais akaenda kukusanya vinyago, na jengo lile ndilo la kwanza machoni, unapata somo la siasa ya Kenya ambalo ukumbi wa historia kule Museum Hill haukupi.

Ukilazimika kuchagua moja, chagua Nyaraka kama macho yako yanapenda wingi, na kama pesa ni za kubana. Chagua Gallery kama umechoka, kama uko na mzazi asiyeweza kusimama sana, au kama umekwenda uhamiaji na umeambiwa urudi saa nane. Ukiweza yote mawili, anza na Gallery. Ukishamjua mtu mwenyewe, ule msongamano wa Nyaraka unaacha kuwa stoo ya vitu na unakuwa sebule yake.

Agosti 7

Hili silishindanishi na mengine, kwa kuwa haliko kwa starehe. Ni bustani penye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, mahali uliposimama ubalozi wa Marekani mpaka Agosti 7, 1998. Waliokufa Nairobi ni 213, na majina yao yako ukutani. Siku hiyohiyo, dakika chache zikipishana, watu 11 walikufa Dar es Salaam. Kuna chumba kidogo cha maonyesho chenye picha na mabaki. Nusu saa. Kwa kuwa ni jirani na stesheni, inaungana vizuri na Makumbusho ya Reli, ila kama una watoto wadogo, waache kwenye nyasi na mzazi mmoja; picha za ndani si za kwao.

Karen: kwa nani hasa?

Nyumba ya Karen Blixen ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa wageni wa mbali, na ndiyo ninayoiondoa mapema zaidi kwa mtu wa siku moja. Si kwamba ni mbaya. Ilijengwa 1912, Blixen akaishi kwenye shamba hilo la kahawa hadi 1931 kahawa ilipomshinda, kwa kuwa nchi ile iko juu mno na ina baridi kwa zao hilo. Denmark ikaizawadia Kenya nyumba wakati wa uhuru, na makumbusho yakafunguliwa 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Hollywood kumfanya awe mashuhuri upya. Bustani ni nzuri, vilima vya Ngong vinaonekana kwa uzuri kuliko popote mjini, na mashine za kahawa zilizoachwa zinafaa kutazamwa.

Lakini ndani unatembezwa vyumba vichache kwa muda usiozidi saa, na baadhi ya vyombo vimetoka kwenye filamu, siyo kwa mwenyewe. Hadithi inayosimuliwa ni ya mama wa Kidenmaki na mpenzi wake rubani. Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kulima kwenye ardhi hiyo kabla na wakati wake, Farah Aden Msomali aliyeendesha nyumba nzima, Kamante aliyepika, hao utawasikia ukiuliza. Uliza. Watembezaji wanajua mengi kuliko wanavyosema wasipoulizwa, na hapo ndipo ziara inapopata uhai.

Hesabu yake ni hii: kwenda na kurudi kunaweza kula saa mbili hadi tatu, kwa saa moja ya kuona. Inalipa tu ukiwa upande huo tayari, au ukiunganisha na kituo cha twiga cha Lang'ata, kilicho jirani kiasi. Msomaji wa vitabu vya Blixen ataenda hata nikisema nini, na afanye hivyo asubuhi ya Jumapili barabara zikiwa tupu.

Bomas of Kenya, iliyo njia hiyohiyo ya Lang'ata, siiweki kwenye mizani kwa sasa. Ngoma na vijiji vyake ndivyo vilivyoipa sifa tangu miaka ya 1970, lakini tangu 2025 eneo hilo lina ujenzi wa kituo kikubwa cha mikutano. Usipange safari kwa ajili yake kabla hujapiga simu.

Kabla hujatoka hotelini

Makumbusho ya Taifa, Nairobi Gallery na nyumba ya Karen viko chini ya shirika moja la makumbusho ya kitaifa. Reli ina mwenyewe, Nyaraka ni idara ya serikali. Kwa hiyo usitarajie tiketi moja ikufungulie milango yote. Viingilio vina madaraja: Mkenya, mtu wa Afrika Mashariki, na mgeni wa mbali, na tofauti kati ya daraja la pili na la tatu ni kubwa. Beba kitambulisho au pasipoti, la sivyo utalipishwa kama aliyetoka Ulaya, na mlinzi hana kosa. Malipo mengi ya serikali hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa simu au kadi, noti hazipokelewi. Mwenye laini ya Kenya hana shida. Aliyekuja na laini ya nje aje na kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, au mwenyeji mkarimu.

Kwa familia yenye watoto na siku moja: Reli saa tatu asubuhi kabla jua halijakaza, chakula mjini, kisha matatu hadi Museum Hill mchana shule zikiwa zimeondoka, mmalizie kwa nyoka. Kwa mtu mzima anayekuja mara ya kwanza akiwa na nusu siku tu: Makumbusho ya Taifa, basi, bila kuongeza kitu. Kwa aliyekwisha kuja: Gallery, Kenyatta Avenue kwa miguu na kahawa njiani, Nyaraka, na akiwa na nguvu ashuke Moi Avenue hadi Agosti 7. Njia hiyo yote haihitaji gari hata moja, ila simu iwe mfukoni na begi liwe mbele, hasa unapokaribia Tom Mboya Street.

Mwanya wako ukiangukia Jumapili, mambo yanabadilika. Nyaraka imefungwa, hivyo Murumbi utampata nusu. Makumbusho ya Taifa yako wazi lakini familia za Nairobi nazo zimepata wazo hilohilo, na kuanzia saa sita mchana maegesho hujaa. Fika saa mbili na nusu mlango unapofunguliwa, maliza na mifupa kabla ya saa tano, halafu teremka mjini uende Gallery, ambako Jumapili mchana unaweza kuwa na chumba kizima cha vito peke yako.